Pumzi Haina Bei: Kwa Wanaomuuzia Mwari Qigong, na Kwa Wanaomkataza



Leo sina singo wala pishi la fungate. Leo nina donge, na nimelikalia tangu mwaka jana.

Mtoto wa dada yangu, ambaye kwetu ni mwanangu, alizirai siku tatu kabla ya nikaha yake. Alikuwa ameekwa ndani siku nane. Madirisha yamefungwa, mapazia yameshushwa, ngozi isiguswe na jua. Chakula chake ni supu na tende mbili tatu, maana gauni lilishonwa dogo kuliko yeye. Juu ya hayo akaletewa mwanamke aliyejiita mwalimu wa "pumzi za Kichina", Qigong, husomwa chigong. Bei yake shilingi laki mbili na nusu kwa siku tano, asubuhi na jioni. Akamwambia mtoto azuie pumzi mpaka ahesabu mia, aiteremshe mpaka kwenye kizazi, uchafu wote utoke. Akamwambia pia aiache dawa yake ya pumu ya kuvuta, kwa sababu "inagombana na nguvu".

Dawa ya pumu! Mtoto aliyelala na dawa ile chini ya mto tangu yuko skuli ya msingi.

Alianguka siku ya tatu, kichwa kikapiga ukingo wa kitanda. Alhamdulillah, hospitali walimuwahi. Harusi ilifungwa, mwari na uvimbe wa paji la uso uliofichwa kwa poda. Pesa hazikurudi, na aliyezichukua hakuja hata kumjulia hali.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana ndicho kilichonifanya niandike. Habari ilipoenea, zikaanza kuzunguka sauti kwenye simu zetu. Qigong ni shirki. Mwanamke wa Kiislamu anayeinua mikono na kuvuta pumzi namna ile ametoka kwenye dini, na mwari akifanya nikaha yake ina shaka. Hakuna sauti hata moja iliyouliza kwa nini mtoto alikuwa ana njaa. Hakuna iliyouliza nani alifunga madirisha.

Mimi nafanya mazoezi haya kila asubuhi, mwaka wa nne huu. Kwa hiyo nitasema, na atakayenuna na anune.

Kwanza mjue nazungumzia wapi. Mimi mtoto wa Ng'ambo, Unguja, nimeolewa Nakapanya. Watu wa kwetu wakisikia mkoa wa Ruvuma husema "aa, Songea". Siyo. Nakapanya iko wilaya ya Tunduru, kwenye barabara inayotoka Masasi, na ukitoka kwetu kwenda Tunduru mjini una zaidi ya kilomita 60 mbele yako. Ni nchi ya Wayao, nchi ya korosho, na ni nchi ya Waislamu. Mume wangu ni mwalimu. Baada ya kujifungua mtoto wa pili mgongo wangu ulikataa kabisa. Siwezi kuinama kuchota maji, siwezi kurukuu bila kushika ukuta. Rafiki yangu mmoja wa Unguja aliyesomea uuguzi China ndiye aliyenionyesha mazoezi manane yanayoitwa Baduanjin. Hakunitoza kitu. Alinifundisha sebuleni kwao, tukiwa na madira yetu, watoto wanatupanda migongoni.

Nilipoanza kufanya uani Nakapanya baada ya alfajiri, wiki haikuisha maneno yakazuka kuwa mke wa mwalimu anaabudu jua. Kwa nini? Kwa sababu nilikuwa naelekea mashariki wakati jua linachomoza. Nilikuwa naelekea mashariki kwa sababu upande wa pili kuna banda la mbuzi na harufu yake. Mavyaa wangu, Mwenyezi Mungu amzidishie umri, alinisikiliza, akacheka, akaniambia nigeuke niangalie ukuta wa jiko. Nikageuka. Uvumi ukafa siku hiyo hiyo. Nimejifunza hapo kuwa fatwa nyingi za mtaani huamuliwa na ulikosimama tu.

Qigong ni nini basi? Ni mazoezi ya taratibu: mikono, mgongo na miguu vinatembea pamoja na pumzi, na akili inafuata. Hakuna kuruka, hakuna jasho la kutiririka. Mazoezi yenyewe ni ya zamani. Jina la Baduanjin linatajwa tangu enzi ya Song, zaidi ya miaka 800 nyuma. Lakini neno Qigong kama mnavyolisikia leo lilienea miaka ya 1950, pale mtumishi mmoja wa serikali ya China, Liu Guizhen, aliyekuwa amepona vidonda vya tumbo kwa mazoezi ya pumzi, alipoanza kuyaingiza katika vituo vya matibabu vya Tangshan na Beidaihe. Makusudi yake yalikuwa kuyatoa kwenye mahekalu na kuyapeleka hospitali, bila uganga.

Uganga ulirudi baadaye, siwafichi. Miaka ya 1980 na 1990 China iliingia wazimu wa Qigong. Mabingwa walijaza viwanja, wakadai kutibu saratani kwa kunyoosha kiganja. Wengine walijenga madhehebu. Falun Gong, iliyoanza 1992, ilitokana na wimbi hilo, na serikali ikaipiga marufuku Julai 1999. Madaktari wa akili walishaanza kupokea watu waliochanganyikiwa kwa kuzidisha mazoezi ya kuzuia pumzi na kukaa kimya saa nyingi, hata kitabu cha Wamarekani cha kuainisha maradhi ya akili kikalitaja tatizo hilo kwa jina. Ndipo Wachina wenyewe wakachuja. Mwaka 2003 chama chao cha Qigong ya afya kilitoa seti nne za mazoezi zilizosafishwa, na Baduanjin ni mojawapo. Kwa hiyo yule bibi wa laki mbili na nusu alikuwa anatuuzia kitu ambacho wenye nacho walikwisha kukitupa jalalani.

Na wenye nacho hao, dada zangu, miongoni mwao wamo Waislamu. Hili sauti za kwenye simu hazilisemi. Wako Wahui, Waislamu wa China, mamilioni kwa mamilioni. Bingwa wao mmoja, Wang Ziping, aliyezaliwa Cangzhou mwaka 1881 na kufariki 1973, alikuwa Muislamu, mtaalamu wa mapigano na muunga mifupa, na aliacha seti yake ya mazoezi 20 ya kuutunza mwili uzeeni. Binti yake, Wang Jurong, akawa profesa wa michezo hiyo. Na katika mji wa Kaifeng upo mskiti wa wanawake uliojengwa 1820, una maimamu wanawake wanaowasomesha na kuwasalisha wanawake wenzao. Watu hao wanafunga, wanaswali, wanazika kwa sunna. Leo tuwatoe kwenye dini kwa sababu ya kuinua mikono?

Swali la kisheria halijaanza kwetu. Wenzetu wa Malaysia na Indonesia walilipitia kuhusu yoga, ambayo kwa asili imefungamana na ibada kuliko hii yetu. Malaysia baraza la fatwa lilizuia 2008. Indonesia, Januari 2009, wanavyuoni wao walitofautisha: yoga yenye maneno ya ibada ya dini nyingine ni haramu, ya mazoezi matupu haina tatizo. Saudia mwaka 2017 iliiruhusu yoga ifundishwe kama mchezo. Mimi si mwanachuoni, na nikisema kitu kinyume na sheikh wako, msikilize sheikh wako. Lakini mpelekee swali lililo sawa. Usimuulize "Qigong halali?" Muulize: "Sheikh, kuna mazoezi ya kunyoosha mgongo na kuvuta pumzi taratibu, hayana maneno ya ibada, hayana sanamu, sielekei kitu kwa kukitukuza, na siamini kuwa kuna nguvu inayoponya isipokuwa kwa idhini ya Allah. Nifanye?" Mimi niliuliza hivyo kwa ustadhi wa hapa Nakapanya. Aliniuliza tu kama nafanya mbele ya wanaume.

Na hapo kwenye "nguvu" ndipo msimamo wangu ulipo. Wachina wa kale walieleza kuwa ndani ya mwili kuna qi inayozunguka. Hiyo ni tafsiri yao. Ukiambiwa kuna mtu anakutumia qi yake kwa kiganja, au anakusomea kitu huku umefumba macho, au anakutaka uiombe hiyo qi, ondoka. Hapo hakuna mazoezi tena. Lakini mgongo kunyooka hakuhitaji itikadi. Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, alimkumbusha Abdallah bin Amr kuwa mwili nao una haki juu ya mwenyewe, pale alipozidisha kufunga na kusimama usiku. Na Bibi Aisha alishindana naye mbio, mara akashinda, mara akashindwa. Wari wetu tunawakataza hata kutembea uani.

Faida zipo, ila si zile zinazotangazwa. Tafiti nyingi zimefanywa juu ya tai chi, ndugu yake Qigong. Huko Oregon, Marekani, wagonjwa 195 wa Parkinson waligawanywa makundi matatu, na majibu yakatoka 2012: waliofanya tai chi walisimama imara zaidi na kuanguka kidogo kuliko waliokuwa wakijinyoosha tu. Boston, 2018, watu 226 wenye maumivu ya mwili mzima yasiyoisha walinufaika na tai chi sawa au zaidi kuliko mazoezi ya kawaida ya kutokwa jasho. Wazee wakifanya, huanguka kidogo. Kwa Baduanjin yenyewe kuna matokeo mazuri ya usingizi, wasiwasi, mgongo na shinikizo la damu, ingawa tafiti hizo nyingi ni ndogo na hazikufanywa kwa uangalifu wa kutosha. Husaidia, basi. Dawa ya presha haiachwi kwa ajili yake, wala ya pumu, wala ya sukari.

Kuhusu pumzi: mwaka 2001 Wataliana walipima watu 23 wakisoma rozari kwa Kilatini na pia maneno ya yoga, wakaona pumzi zinashuka kufikia karibu sita kwa dakika, na moyo unatulia. Hawakupima adhkari za asubuhi, na mimi sitadai walipima. Wala sipendi ile tabia ya kusema sala ni mazoezi. Sala ni sala. Ukiifanya jimu umeishusha. Ila nikimaliza nyiradi zangu na pumzi imetulia, kisha nikasimama ukutani pangu, siku yangu hainishindi.

Sasa kizazi. Wari, nisikilizeni vizuri. Hewa unayovuta inaingia kwenye mapafu. Haiteremki kizazini, haina njia. Kizazi hakina "uchafu" unaosubiri kupulizwa. Damu ya mwezi inajitoa yenyewe. Pumzi haiyeyushi uvimbe wa kizazi, haifungui mirija, haipatanishi homoni. Kilicho kweli ni kuwa ukivuta pumzi ndefu, ile misuli inayotenganisha kifua na tumbo inashuka, na misuli ya nyonga chini nayo inalegea kidogo. Ukitoa, vyote vinapanda. Mwanamke anayejua kulegeza na kukaza sehemu hiyo anajua kitu kitakachomfaa usiku wa harusi na siku ya kuzaa.

Na hicho, jamani, masomo wetu walikuwa wanakijua. Kiuno anachofundishwa mwali kwenye unyago si uhuni kama tulivyofundishwa kuona haya. Ni mazoezi ya nyonga, mgongo na magoti, yanayofanywa kwa ngoma, kwa taratibu, saa kadhaa. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alifundisha wari wa Unguja kwa miaka na miaka, na ngoma zile zilitoka huku niliko: kwa Wayao, Wamakonde na watu wengine wa bara, wengi wao waliovushwa bahari kwa nguvu kupitia Kilwa. Nilipohudhuria ngoma ya wanawake Nakapanya mara ya kwanza, mwili wangu ulijua kabla ya masikio. Yamo kwenye unyago mambo ambayo dini haiyakubali, na hayo yaachwe. Lakini tulipoacha, tuliacha yote, tukanunua krimu. Sasa tunauziwa kiuno kutoka China kwa laki mbili na nusu.

Sikuandika haya nikidhani Nakapanya yote inanifuata. Msimu wa korosho wanawake hapa wanainama tangu alfajiri, wanaokota moja moja chini ya mkorosho, wanabangua kutoka kwenye bibo, wanabeba kichwani. Nilipowaambia wifi zangu waje tufanye mazoezi walinitazama kama nimechanganyikiwa. Mavyaa ndiye aliyesema: "Mwanangu, mimi sina upungufu wa mazoezi. Nina upungufu wa mtu wa kunichotea maji."

Nilikosa jibu, na mpaka leo ninaona amesema kweli. Kuna ubishi wangu mdogo tu: kazi si mazoezi. Kazi inaukunja mgongo upande mmoja na haiurudishi. Ndiyo maana mtu analima miaka thelathini na bado hawezi kunyoosha mkono kufika juu ya mlango. Lakini kumpa mwanamke mazoezi ya mgongo na kumwachia ndoo ni dhihaka. Nililisema hilo kwa mume wangu usiku ule ule, na naona aibu kuwa ilinichukua miaka miwili. Sasa shemeji zangu wawili wanachota kwa baiskeli, madumu manne kila safari, na mavyaa huja ukutani siku anayotaka. Anapenda zoezi moja tu, la kuangalia nyuma. Anasema linamwonyesha nani kaingia uani.

Kwa anayetaka kujaribu, haya ni matatu kati ya manane. Simama miguu imeachana upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo. La kwanza: sukanisha vidole mbele ya tumbo, vuta pumzi kwa pua huku unapandisha mikono, geuza viganja juu ya kichwa kama unayeinua sakafu ya juu, kisha toa pumzi taratibu ukiishusha. Mara sita. La pili ni hilo la mavyaa: mikono chini, viganja vimegeuka nje, geuza shingo uangalie nyuma ya bega la kushoto, rudi, kisha kulia. Kiuno kisigeuke. La mwisho: panda juu ya vidole vya miguu, tulia kidogo, shuka visigino viguse ardhi kwa mtikiso mdogo. Mara saba. Yote manane yanachukua kama dakika kumi na mbili. Usizuie pumzi hata mara moja. Ukiona kizunguzungu, kaa. Mwenye mimba, mwenye presha isiyotulia au aliyefanyiwa upasuaji karibuni aulize kwa daktari au mkunga kwanza. Na hayatoshi peke yake: Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kwa hiyo kutembea kuko pale pale.

Lakini, mama zangu na masomo, msinielewe kuwa nataka tumwongezee mwari kazi nyingine katika orodha yake. Amelala saa tatu, amepakwa liwa, amefukizwa udi, amechorwa piko mpaka miguu imekufa ganzi, anasikia kila shangazi akimsema unene. Kisha tunashangaa anatetemeka. Mtoto wa dada yangu hakuangushwa na Qigong. Aliangushwa na njaa, joto, dawa iliyozuiwa na mtu mwenye tamaa, na sisi tuliokuwa nje ya mlango tukipanga vikombe. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilisikia anahesabu kwa sauti, sitini, sitini na moja, nikadhani ni adhkari.

Mdogo wake anaolewa mfungo tatu, insha'Allah. Dada yangu ameniomba niwe somo wake. Nimekubali kwa masharti manne, na nimemtumia kwa maandishi asije kuniambia hakusikia. Mtoto atakula milo mitatu. Madirisha yatakuwa wazi, pazia jepesi linatosha kwa sitara. Dawa yoyote anayotumia itakaa mkononi mwake. Na gauni likiwa dogo litafumuliwa gauni.

Dada yangu amejibu kuwa fundi keshalipwa. Nitapanda basi Nakapanya wiki mbili kabla, nipitie Masasi hadi Dar es Salaam, kisha boti. Nakuja na uzi na sindano.